Kabla Hujamrejesha Salma Kwao

Mlandege, Unguja

Kwa kaka yangu Shomari, mkubwa wangu na badala ya baba yetu, Kilwa Kivinje.

Shikamoo kaka. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, na mama naye goti lake limepungua kuuma, na shemeji Salma hajambo, na yule mbuzi wako mkorofi bado hajaumaliza mlango wa jikoni. Mimi huku ni mzima wa afya, tena mzima kuliko ulivyonijua, na huo uzima ndio habari yenyewe ya leo.

Kwanza nakuomba jambo moja. Najua barua zangu huzisoma ukumbini, mama ameketi kwenye mkeka na majirani wamejaa mlangoni, nawe unapaza sauti kama khatibu wa Ijumaa. Hii usiisome hivyo. Itie mfukoni, nenda nayo shamba ukaisome peke yako. Ina maneno ya wanaume, na mengine ni ya chini ya kitovu. Salamu za watu nimeziweka mwisho, hizo utawapa kwa mdomo.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kwamba Idi kubwa ikipita utamwandikia Salma talaka umrejeshe kwao, kwa kuwa miaka inakwenda na hajashika mimba, kama alivyokuwa Mwanaidi, mkeo wa kwanza. Umeliandika kana kwamba unanipa habari ya kuuza mnazi usiozaa. Kaka, wewe mkubwa na mimi mdogo, lakini leo nakuomba uizuie kalamu yako mpaka uifikishe barua hii mwisho. Mwanaidi ulipomwacha kwa neno hilo hilo la utasa, sote nyumbani tuliitikia. Safari hii mimi siitikii, maana nimejua jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, na ukiniona najisifu, nivumilie. Nimezaliwa wa mwisho, sikupata nafasi ya kujisifu nilipokuwa huko.

Unajua nilipofika hapa nilikuwa mpasua kuni katika duka la halua la Bwana Nasoro, Mmanga mmoja mzee wa Oman, mkali wa maneno na mwepesi wa mkono wa kutoa. Leo mshika mwiko ni mimi. Halua inayokwenda kwenye harusi za watu wakubwa wa Mji Mkongwe hupikwa na mkono huu unaokuandikia. Kupika halua si kupika ugali, kaka. Unasimama mbele ya sufuria ya shaba inayoweza kumkalisha mtu ndani, moto wa kuni unakupiga mapajani, na unakoroga bila kupumzika tangu sukari na wanga vinapokutana mpaka samli inapojitenga na kuelea juu. Ukiacha kukoroga inashika chini. Ukizidisha moto inaungua, na halua iliyoungua hata mbuzi wako haili.

Kazi hiyo naipenda, lakini ilikuwa inaniadhibu. Kila ikifika alasiri nilisikia uzito upande wa kushoto, kwenye korodani, kama mtu ananivuta chini kidogo kidogo. Nikaanza kukoroga nimeegemea mguu mmoja kama korongo. Nikifika nyumbani nikilala chali, maumivu yanakwisha kabisa, nami nasema alhamdulillahi, nimepona. Kesho alasiri yanarudi.

Unayajua maumivu haya, kaka, wala usijitie hamnazo. Ni ule mshipa wetu. Tangu tulipokuwa vijana tunaoga mtoni ulikuwa ukinionyesha wako na kusema kuwa huo ni mshipa wa kiume, urithi wa baba, na kwamba mwanamume asiye na mshipa hajakamilika. Ukafunga uzi mweusi kiunoni, nami nikafunga wangu, nikatembea nao Kilwa nzima kwa maringo. Nilipohamia huku niliendelea na dawa ya kwetu, ile ya chumvi. Kila jioni Zuhura, mke wangu, alikuwa akikaanga chumvi kwenye kikaango mpaka itatarike, akiifunga kitambaani, nami najikanda nayo mahali hapo mpaka jasho linitoke. Alikuwa hana hata jioni moja ya kupumzika, kwa kuwa dawa ya mume haiachwi.

Naye Zuhura alikuwa na dawa zake. Unakumbuka nilikuandikia kuwa nimeoa mtu wa Matemwe. Tangu tuoane mimba haikuingia, na huku kama huko, swali huulizwa mwanamke. Shangazi yake, Bi Mtumwa, alikuwa akija mjini na mkoba wa mizizi, amchemshie, anywe, atapike, anywe tena. Amefukizwa, amekandwa tumbo, amesomewa. Jirani yetu mmoja alikuwa akitoka na kanga yenye maneno ya kumchoma kila Zuhura anapokwenda kuteka maji, na Zuhura akirudi na ndoo anakaa anachambua mchele ambao tayari umechambuliwa. Nilimwonea huruma, lakini sikuwa na dawa nyingine ya kumpa.

Aliyenipeleka hospitali ni Bwana Nasoro. Aliniona ninavyokoroga kwa mguu mmoja akafikiri nimeota busha, na akasema mpishi wa halua asiyeweza kusimama ni sawa na sufuria iliyotoboka. Nikaenda kwa ajili ya maumivu tu. Habari ya mtoto haikuwamo kabisa kichwani mwangu.

Daktari aliyenitazama ni Mhindi kijana, Kiswahili chake safi, amerudi juzi juzi kutoka kusoma Ulaya. Akaniambia nivue, nikaona haya ya kufa. Akanisimamisha, akanishika, akaniambia nizibe pumzi nijikaze kama mtu anayenyanyua gunia. Kisha akanilaza akanishika tena. Akanitaka nami niguse mwenyewe nilipokuwa nimesimama, na kweli, mle ndani mlikuwa na kitu laini kilichojikunjakunja kama tambi zilizoloweshwa. Nilipolala hakikuwapo. Tena korodani ya kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya kulia, na mimi mwenye mwili sikuwahi kuliona hilo.

Akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia mke wangu hajajaaliwa, ni tasa. Akaacha kuandika akanitazama.

"Nani alomwambia mkeo kuwa ni yeye?"

"Hapana alomwambia, daktari. Tunajua tu."

"Mnajua vipi?"

Nimekaa na swali lile mpaka leo, na ndilo ninalokupa wewe pia uende nalo shamba.

Basi akanifunza, nami nakufunza kama nilivyoelewa. Kumbe neno mshipa tumelibebesha maradhi matatu. Kuna ngiri, nayo ni utumbo kuteremka mahali si pake. Kuna busha, nalo ni maji kujaa kwenye mfuko wa korodani. Na kuna hili langu, ambalo ni mishipa ya damu yenyewe, ile inayoirudisha damu kutoka kwenye korodani kwenda juu. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vya kuizuia damu isirudi chini. Vikilegea, damu inashuka na kutuama, na mishipa inatanuka na kujipinda. Huanza mtu anapobaleghe, na mara nyingi ni upande wa kushoto, kwa kuwa mshipa wa upande huo una safari ndefu zaidi ya kupanda. Mtu akisimama kutwa au akinyanyua vizito, unajaa na kumvuta. Akilala, damu inakwenda zake.

Kuvuta huko ni jambo dogo. Kubwa ni joto. Mungu amezitundika korodani nje ya mwili kwa hekima yake, kwa sababu mbegu ya mtu haitaki joto la tumboni. Damu ikituama pale inaleta joto, na mbegu zinapungua, nyingine zinatoka dhaifu, hazifiki zinakokwenda. Hapa sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mimi ni mtu wa halua, najua kitu kinachotaka moto wa kiasi kinavyokuwa kikizidishiwa.

Nikamweleza na dawa yetu ya chumvi, nikitarajia kusifiwa. Daktari aliitua kalamu mezani. Akasema, taratibu kabisa, "Hukunambia kuwa unapika na hizo pia." Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, aliyekuwa mlangoni alitoka nje akacheke huko. Nilikasirika kidogo, lakini nilipofika njiani Darajani nami nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Kwa hiyo kaka, kama bado unaikaanga hiyo chumvi, ipeleke jikoni ikafanye kazi yake.

Najua unachosema sasa hivi chini ya mnazi wako. Unasema, mimi sina upungufu wowote kwa mke wangu, mshipa huu haujanizuia kitu. Nami nilimwambia daktari hivyo hivyo kwa kifua mbele. Akanijibu kuwa nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine, na mtu anaweza kuwa nazo hizo za kwanza tele, lakini mbegu zake haba. Hilo ndilo lililotupoteza sote. Tunaona mume ana nguvu, basi lawama inaangukia upande wa pili bila hata kupelelezwa.

Tena unasema, baba alikuwa na mshipa na akatuzaa sote. Nalo nimemuuliza. Akasema wako wengi wenye mishipa hii ambao wamezaa na hawakujua kama wanayo, na wala huenda wa baba haukuwa huu, ulikuwa busha. Ndiyo maana haitoshi kujishika na kukisia, na mke naye hutazamwa kwake. Mbegu zinapimwa kwa darubini. Namna zinavyopatikana sikuandikii, wewe ni mkubwa wangu, ila nilimuuliza maalimu wa msikiti wetu kabla, akaniambia ni tiba na tiba haina ubaya. Majibu yalipotoka, mbegu zangu zilikuwa chache, na katika hizo chache nyingi zimelala. Zuhura alitazamwa na muuguzi mwanamke, na majibu yake nikapewa mimi peke yangu: hana kasoro yoyote.

Nilitoka pale nikakaa ukutani pale Forodhani mpaka adhana ya alasiri. Niliona aibu, sikufichi, machozi yalinitoka. Kisha nikawaza ile mizizi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kujisifu, kaka, kaa vizuri. Ijumaa iliyofuata alikuja Bi Mtumwa na mkoba wake, na safari hii amefuatana na baba yake Zuhura, mkwe wangu. Walikuwa wamekubaliana wamchukue Matemwe akatibiwe huko mpaka apone, na mimi kama nataka kuoa mwingine, niwe huru. Walilisema kwa adabu sana, na Zuhura alikuwa nyuma ya pazia keshafunga nguo zake. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na daktari si mtu wa kwenda kusema kwenye baraza za watu.

Nikawaambia: "Baba, shangazi, Zuhura hana maradhi. Mwenye kasoro n'mimi. Nshapimwa, nshaonyeshwa, na nnakwenda kupasuliwa."

Bi Mtumwa aliutazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Mwishowe akauliza, kwa uchungu wa kweli wa mtu aliyechimba porini siku nyingi:

"Sasa mizizi yote hii, mwanangu, n'mpe nani?"

"Nipe miye, shangazi. Zuhura keshakunywa zamu yake na yangu."

Nyuma ya pazia Zuhura akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Mkwe wangu alijisogeza kwenye mkeka akakaa karibu nami, akalishika buli akanimiminia kahawa kwa mkono wake, na mkwe kumhudumia mume wa binti yake ni jambo ambalo huku hulioni. Kaka, nimesifiwa halua yangu na watu wenye majoho, lakini sijapata kuona fahari kama ya kile kikombe cha kahawa.

Kupasuliwa kwenyewe niliogopa. Nilidhani wanataka kunihasi kama ng'ombe, na nilimwapisha daktari kwa dini yake. Akanionyesha kwa kidole kuwa anapasua kidogo tu juu ya kinena, anaifunga ile mishipa mibovu, na damu inapita katika mizuri iliyobaki. Korodani zenyewe haziguswi. Akaniambia pia kuwa mtoto hawezi kuniahidi, kwa kuwa wako wanaofungwa mishipa na bado hawapati, na kwamba mbegu mpya huchukua miezi kujijenga, nisianze kumsumbua wiki ya pili. Ila huko alikosomea waliwaona waliokuwa kama mimi wakipata. Nilimwambia mimi nataka kujaribu, na anayetoa ni Mungu.

Nilikatazwa kunyanyua kitu kizito mpaka nipone sawasawa. Bwana Nasoro aliushika mwiko mwenyewe kwa uzee wake, akaharibu sufuria mbili, akaja kunipa pole ya kuumwa na kunilaumu kwa halua yake kwa pamoja. Sasa nimerudi kazini. Nasimama kwa miguu yote miwili mpaka magharibi na hakuna kinachonivuta. Nilipopimwa tena mbegu zilikuwa zimeongezeka, na daktari alifurahi kuliko mimi.

Na Zuhura ana mimba, kaka. Nimekuficha mpaka nione tumbo limesimama, sasa limesimama. Mtoto anacheza, na mama yake hataki tena kunusa samli, ananirudisha uani nikaoge kabla sijamkaribia. Yule jirani wa kanga amekuja mwenyewe kuomba radhi na sahani ya vitumbua. Zuhura alivipokea, akavila vyote, na hakuirudisha sahani mpaka siku ya tatu. Nami natembea Mlandege nimenyoosha shingo, kila anayeniuliza siri ni nini namwambia wazi, nenda ukatazamwe. Vijana wawili wa kubeba mizigo sokoni wameshakwenda. Mmoja alikuwa na busha, mwingine hakuwa na kitu ila woga.

Lakini jua hili. Hata kama mimba isingeingia, nisingemrejesha Zuhura kwao kwa jina la utasa, maana jina hilo si lake. Ndilo ninalokuomba kwa Salma. Sisemi kuwa kasoro ni yako, mimi si daktari. Nasema hatujui, na hukumu haitolewi kwa jambo lisilojulikana. Una mshipa kama wangu, upande ule ule, unakuvuta alasiri kama ulivyokuwa ukinivuta. Wake wawili umewaoa, na wote wawili umewaita tasa. Ukimwacha Salma utaoa wa tatu, naye utamwita hivyo hivyo, na mshipa utakuwa palepale.

Njoo Unguja pamoja naye. Panda meli Idi kabla haijafika, nyumba yangu ina chumba na Zuhura ameshakitandika. Nimezungumza na daktari, anakungoja. Huku hakuna anayekujua, utaingia hospitali kama mtu yeyote mwenye kikohozi, na nitakaa nawe mlangoni. Ukipimwa ukaonekana mzima, basi nitakuwa nimekosa adabu kwa mkubwa wangu, na utanipiga mbele ya sufuria yangu.

Sasa salamu. Nibusie mkono wa mama, umwambie Mungu akipenda ataitwa bibi, na asiwaambie watu wa kisimani kwanza. Msalimu maalimu aliyetufundisha Kurani, mwambie yule mvivu wake anajua kusoma mpaka cheti cha hospitali. Msalimu shemeji Salma salamu nyingi, tena Zuhura anamsalimu kama dada yake. Bwana Nasoro anakusalimu, na Bi Mtumwa naye, ingawa hakujui.

Iko salamu moja zaidi, nayo nimeibakisha makusudi. Juzi alikuja dukani mwanamke kununua halua ya arubaini ya mtoto wake. Mtoto mchanga yuko mgongoni, na wengine wawili wameshika kanga yake, mmoja huku na mmoja huku. Alikuwa Mwanaidi. Ameolewa na seremala, wanakaa huku Unguja. Alinijua kabla sijamjua, akanisalimu vizuri, akaniambia nikufikishie salamu zake. Akaniuliza kama umejaaliwa mtoto. Nikamwambia bado, na kwamba una mke mwingine, jina lake Salma. Hakucheka wala hakufurahi. Aliwatazama wanawe, akasema tu, "Maskini Salma," akachukua halua yake akenda zake.

Nakungoja bandarini.

Mdogo wako akupendaye,
Hamisi